Jiwe la Mlangoni na Uzi wa Graniti

Ninyi mnaobaki maabara ndio mlioniomba niandike. Siku mliponikabidhi saa ya ukutani, mimi mtu ambaye sasa hana haja tena ya kuangalia saa, mmoja wenu alisema, "Mama Mwende, tuandikie hata kurasa chache kabla hujaanza kufuga kuku." Kuku nimeshaanza kuwafuga, na wananiachia nafasi ya kutosha. Vyeo sitavitaja, maana vilichelewa kuja na havikunifundisha kitu. Nitawaeleza habari za lile jiwe linalozuia mlango wa maabara, lile mnaloliruka kila asubuhi, na ambalo nimewagombeza mara nyingi mlipotaka kulitupa. Jiwe hilo liliokoa watu saba. Aliyekaribia kuwaua watu hao ni mimi.

Niliingia kazini mwanzoni mwa miaka ya tisini. Kitengela wakati huo ilikuwa maduka machache kando ya barabara ya Namanga, na asubuhi ungeweza kukuta punda milia wamesimama mahali ambapo leo kuna ghorofa ya duka la simu. Ofisi yetu ilikuwa vyumba vitatu vya mabati, na kazi yetu ilikuwa kupima mawe ya ujenzi. Wachimbaji walileta vipande, tukavibana kwenye mashine mpaka vipasuke, tukaandika vimestahimili kiasi gani. Siku yangu ya kwanza nilimkuta mkuu wa ofisi, Bwana Wafula, amesimama uani akilamba jiwe. Nikasema moyoni, Mungu wangu, nimeajiriwa na mgonjwa. Alikuwa mjiolojia, mrefu, wa sauti ya chini, na alilamba mawe kwa sababu jiwe likilowa linaonyesha rangi zake. Baada ya mwezi mmoja nami nilikuwa nalamba, na mume wangu alikuwa ameanza kulalamika.

Jiwe la Kitengela ni jivu la volkano lililoganda. Ni jiwe pole. Ulikate kushoto, ulikate kulia, ulisimamishe au ulilaze, ni lile lile, halinung'uniki. Nilikaa nalo miaka kadhaa mpaka nikaamini kwamba mawe yote ndivyo yalivyo. Sisi wa Kitengela tuna ugonjwa huo. Yeyote kati yenu aliyejifunzia kazi kwenye jivu ajichunguze kabla ya kuvuka Isinya.

Kazi niliyoipenda kuliko zote ni ile ambayo leo mnaikimbia kwa sababu inachafua kucha. Bwana Wafula alinipa kipande cha jiwe, kioo, gundi na unga wa kusugulia. "Libandike hapo," akasema, "halafu lisage mpaka mwanga upite." Nilisaga siku tatu. Siku ya tatu jioni nikainua kioo juu, mwanga ukapita vizuri ajabu, nikamkimbilia. Akakitazama, akakigeuza, akaniuliza jiwe liko wapi. Nilikuwa nimelisaga likaisha! Alicheka mpaka akatoa leso. Nilianza upya. Mara ya pili nilijua kuachia mapema, na alipoweka kioo kile chini ya hadubini na kunipisha kiti, nilipiga kelele ambayo dereva alidhani ni nyoka. Ndani ya jiwe la kijivu kulikuwa na buluu, na manjano, na waridi, punje juu ya punje, zikibadilika rangi nilipozungusha ile meza ndogo ya hadubini. Niliwaza kwamba nimeishi miaka ishirini na sita nikikanyaga vitu hivi na viatu vyangu. Sijawahi kuipoteza furaha ile. Hata wiki ya mwisho kabla sijastaafu nilikuwa naingia mapema ili niangalie kabla hamjafika na maswali yenu.

Katikati ya miaka ile ya tisini tulianza kupata kazi za mbali, ng'ambo ya mji wa Kajiado, ambako jivu linaisha na mawe ya zamani yanatokeza. Kulikuwa na kilima kimoja cha graniti, kimekaa peke yake mbugani, na upande wake wa magharibi palikuwa na timbo ambapo wachonga mawe walipasua vibamba vya kutandika sakafu. Walikuwa saba, wengi wao Wakamba wenzangu kutoka upande wa Machakos. Mkubwa wao alikuwa Mzee Kilonzo, mtu mfupi mwenye mikono mikubwa kuliko mwili, ambaye aliposikia jina la baba yangu aliacha kuniita madam akaanza kuniita mwiitu, yaani binti. Na palikuwa na Mama Nashipae, Mmaasai wa boma la karibu, aliyewapikia. Aliwapikia Wakamba muthokoi, mahindi ya kukoboa yaliyochanganywa na maharagwe, akausonya kila siku kwa kusema ni chakula cha kuku, na kila siku sufuria lilirudi tupu.

Safari ya kwanza Mzee Kilonzo alinichukua kando akanionyesha jiwe kubwa kama meza.

"Mwiitu, wewe unaona hii jiwe iko na uzi?"

"Uzi gani, Mzee?"

"Ngoja."

Akamwaga maji ya chupa juu ya jiwe, akachuchumaa. Maji yalikauka haraka penye weupe, yakachelewa kwenye vistari vyembamba vyeusi ambavyo kabla ya hapo sikuviona. Akapanga kabari tano sambamba na vistari hivyo, akazigonga moja moja kwa zamu, kidogo kidogo, huku ameinamisha kichwa akisikiliza. Sauti ilianza ikiwa kali, ikazidi kuwa nzito. Kisha jiwe likafunguka lenyewe, taratibu, bila vumbi. Nilipiga makofi kama mtoto.

"Na huku uzi ni kidogo," akasema, akipangusa mikono. "Analala tu. Ile upande ingine ya mlima, uzi ni kali sana."

Halafu akachukua tindo akachonga alama mbili juu ya kibamba, msalaba mdogo na mshale. Nikamuuliza ni za nini. Msalaba, akasema, ni kichwa cha jiwe, upande uliokuwa ukitazama mbinguni. Mshale ni upande wa barabara. Jiwe lolote lililotoka mikononi mwake lilipata alama hizo, ili fundi wa nyumba alilaze vile lilivyolala mlimani. "Ukilaza kichwa chini, itakaa miaka mbili, tatu, halafu itaanza kuachana. Jiwe haisahau." Nilitabasamu. Nilipenda namna anavyosema, nikaiandika kwenye daftari langu mahali pa mambo ya kuchekesha. Daftari ninalo bado.

Baadaye mwenye timbo alitaka kufungua uso mpya upande wa mashariki, kwa sababu barabara inapita huko na malori yasingehitaji kuzunguka kilima. Akaomba ofisi yetu imwandikie kama jiwe la upande huo ni salama kuchimbwa. Bwana Wafula alikuwa likizo kwao. Nilitumwa peke yangu kwa mara ya kwanza, na nilivimba kichwa mpaka kofia haikunitosha.

Sasa nisikilizeni vizuri, kwa sababu hapa ndipo kosa lilipo. Nilifika saa tano, jua kali. Upande wa magharibi vipande vilivyokwisha kupasuliwa vilikuwa vimejaa, vibichi, vizuri, na chai ya Mama Nashipae ilikuwa tayari. Upande wa mashariki ni kupanda kilima chote kwenye miiba ya oltepesi, halafu kuvunja jiwe kuukuu kwa nyundo. Nikasema moyoni, mlima ni mmoja, jiwe ni moja. Nikachukua sampuli sita za magharibi, nikanywa chai vikombe viwili. Mzee Kilonzo alikuja akasimama mbele yangu.

"Mwiitu, hujaenda huko ingine."

"Mzee, graniti ni graniti. Hivyo vistari ni vya wakati likiwa uji wa moto. Liliganda navyo. Havina nguvu ya kupasua kitu."

"Hata huko?"

"Hata huko."

Akanitazama, akaitikia kwa kichwa, akarudi kazini. Nami nikarudi Kitengela, nikasaga sampuli zangu, nikaona punje zimetulia kama nilivyotarajia, nikaandika barua. Sentensi moja ya barua hiyo naikumbuka neno kwa neno: Jiwe la kilima hiki halina mwelekeo wowote wa kupasuka. Nikatia saini kubwa. Kazi ikaanza mashariki.

Miezi ilipita. Siku moja dereva wa lori la mawe aliteremka uani na kitu kizito ndani ya gunia.

"Mzee Kilonzo amesema nipatie mwiitu ya maabara."

"Amesema nini kingine?"

"Hakuna. Amesema tu mawe."

Nilidhani ni zawadi. Lilikuwa jiwe zuri, lenye ukubwa wa mkate wa familia, uso mmoja umepasuliwa laini. Msimu huo upepo ulikuwa unaupigapiga mlango wa maabara mpaka vioo vyangu vinatetemeka mezani. Nikaliweka hapo, mlango ukatulia, nikamsifu mzee kwa kujua ninachohitaji.

Kisha ikaja ile mvua ya El Niño. Wakubwa mnaikumbuka, nyinyi wengine mlikuwa bado mnabebwa mgongoni. Madaraja yalienda, barabara zikageuka mito, na hakuna aliyeleta sampuli. Bwana Wafula, ambaye hakuweza kuvumilia kuona mtu amekaa, aliniambia nisage jiwe lolote mkono usije ukaota kutu. Nilitazama huku na huku. Jiwe la karibu kabisa lilikuwa la mlangoni. Nikakata kona yake, nikakata kwa kuvuka vile vistari, nikasaga siku mbili nikiimba.

Nilipoliweka chini ya hadubini niliacha kuimba. Sijui niwaelezeje. Kwenye jiwe la magharibi, kwatzi, yale madini maangavu kama kioo, lilikuwa limejaza nafasi kati ya punje nyingine, kimya, kama maji kwenye changarawe. Hapa lilikuwa limevutwa likawa tepe ndefu nyembamba. Punje nene za feldispa, ambazo zilipaswa kuwa na pembe zilizonyooka, zilikuwa zimebanwa mpaka zikawa na umbo la jicho, na nyingine zimevunjika katikati. Na ulanga, yale madini yanayoachana karatasi karatasi, ulikuwa umejilaza wote upande mmoja, ukiyazunguka yale macho na kuendelea na safari. Nikazungusha meza. Punje ya kwatzi isiyo na taabu huzima yote kwa pamoja, kama taa. Hizi zilikataa kuzima. Kivuli kilipita juu ya kila punje polepole, upande hadi upande, jinsi kivuli cha wingu kinavyopita juu ya mbuga za Isinya.

"Bwana Wafula! Bwana Wafula, njoo uone!"

Alikuja na kikombe chake. Akainama, akatazama muda mrefu sana, kikombe kikapoa mkononi.

"Huyu alikuwa ameshaganda," akasema.

"Nani?"

"Huyu graniti. Alikuwa jiwe kamili wakati alibanwa. Umemtoa wapi?"

Nilikuwa na furaha kiasi kwamba sikusikia lile swali la mwisho. Nilitaka kujua yote papo hapo. Akakaa, akanieleza, na maelezo yale ndiyo niliyowapa ninyi miaka yote hii, hata ile mifano ya jikoni ni yake. Graniti hupanda kutoka chini ikiwa uji mzito wenye punje ngumu zinazoelea. Uji ukisukumwa, punje hujipanga kufuata mwendo, na ukiganda mpangilio unabaki. Huo ni uzi wa kwanza, uzi wa upole; punje zake ni nzima, hakuna aliyeumia, na jiwe halijali sana. Lakini wakati mwingine milima inaendelea kujengwa. Bara linasukuma bara, na graniti iliyokwisha ganda, bado ina joto, iko chini ya uzito wa mlima mzima, inabanwa tena. Ukikandamiza donge la unga wa chapati lenye maharagwe ndani, unga unatanuka na maharagwe yanageuka kulala bapa. Ndivyo kwatzi linavyolegea na kuvutika, feldispa inasagika pembeni, na ulanga unajilaza, uso wake ukielekea upande ule unaosukuma. Huo ni uzi wa pili. Huo unapasuka.

"Na mara nyingi ni zote mbili," akasema. "Anaanza akiwa uji, anamaliza akiwa jiwe. Katikati ya kilima utapata ule wa kwanza. Pembeni, pale alibanwa zaidi, utapata huu."

"Lakini Kajiado hakuna milima ya namna hiyo."

"Ilikuwako. Safu kubwa kuliko kitu chochote umeona. Mvua na upepo zimekula kwa mamia ya mamilioni ya miaka. Hizo ng'ombe za Wamaasai zinakula nyasi juu ya mizizi yake."

Nilisimama nikaenda dirishani nikatazama mvua inavyopiga mbuga ile bapa, bapa kabisa, na nywele zikanisimama. Milima mikubwa, hapa! Na mimi nimeishika mkononi! Nilitaka kumwambia kila mtu, hata dereva, hata kuku wa jirani.

"Nimekuuliza umemtoa wapi," akasema Bwana Wafula nyuma yangu.

Nikamwambia ni la Mzee Kilonzo. Akauliza ni la upande gani wa kilima. Nikasema halikuja na neno lolote. Akauliza, kwa ile sauti yake ya chini, kwenye upande wa mashariki niliupima uzi unainamia wapi. Nikafungua daftari ingawa nilijua. Magharibi, mistari sita ya maandishi. Mashariki, ukurasa mweupe.

Ndipo nilipokumbuka alama. Nililipindua jiwe lile pale mlangoni, nikalifuta matope kwa kanzu yangu ya kazi. Msalaba ulikuwepo. Mshale ulikuwepo. Tulilinyanyua pamoja tukaliweka mezani, msalaba ukitazama dari, mshale ukielekea dirishani, na dirisha tukalifanya barabara. Vistari vyote vilishuka kuelekea dirishani, mteremko mkali kuliko ngazi ya ghorofa. Bwana Wafula akachukua penseli yake akailaza juu ya ule uso laini. Penseli ikateleza, ikavuka ukingo wa meza, ikaanguka chini ya dirisha.

"Hao watu wanafanya kazi wapi?" akauliza.

"Hapo penseli imeanguka," nikasema.

Simu ilikuwa imekufa kwa mvua. Usiku ule sikulala, na asubuhi na mapema tuliondoka na gari la ofisi. Kupita Kajiado tulikuta korongo limefurika, tukamwachia dereva gari, tukavuka kwa miguu, maji mapajani, nikilibeba jiwe lile kwenye kiondo kichwani. Udongo mweusi wa kule ukilowa una wivu, unashika viatu. Bwana Wafula alipoteza kimoja akaendelea na kimoja. Njia nzima nilikuwa naomba, na maombi yangu yalikuwa mafupi: wawe hai, wawe hai.

Mama Nashipae alitusikia kabla hajatuona. Alitoka kwenye kibanda chake cha mabati.

"Takwenya!" nikamsalimu kwa Kimaasai nikihema, nikitaka kupita.

"Iko," akaitikia, akanishika mkono. "Ngoja kwanza. Kuja uone hii. Hiyo mlima inatembea."

Alituzungusha mpaka juu ya uso mpya wa timbo. Kulikuwa na ufa, mwembamba kama unywele, ukipita juu ya jiwe kubwa ambalo chini yake nilisikia nyundo zikilia. Juu ya ufa alikuwa amepaka kiraka cha samadi ya ng'ombe iliyochanganywa na udongo na majivu, ile ile anayopakia nyumba yake. Mahali pazima, hatua tatu kando, alikuwa amepaka kiraka kingine cha namna hiyo hiyo.

"Hii nimepaka siku moja na hii," akasema. "Kama ni jua inapasua, itapasua yote mbili. Kama ni baridi, yote mbili. Nyumba ikianza kuanguka ndiyo mimi najua hivyo. Sasa angalia."

Kiraka cha mahali pazima kilikuwa hakina hata alama. Cha kwenye ufa kilikuwa kimechanika katikati, na kidole changu kidogo kiliingia kwenye uwazi. Wanasayansi tuna jina refu la jambo hilo, kulinganisha na kisichoguswa, na tunalifundisha chuoni muhula mzima. Mama huyu alilifanya kwa samadi.

"Umewaambia?" akauliza Bwana Wafula.

"Kilonzo aliona yeye kwanza. Wote walikataa kuingia. Lakini nyapara ako na karatasi, amewarudisha ndani."

Tulishuka mbio. Walikuwa wote saba chini ya jiwe lile, wamelowa, na nyapara amesimama mbele yao na mwavuli. Alipotuona alifurahi. Akatoa kwenye koti karatasi iliyofungwa vizuri kwenye plastiki, akaninyooshea.

"Madam, heri umekuja. Wasomee wenyewe. Kila siku wananisumbua eti jiwe itateleza. Barua ya ofisi inasema haina mwelekeo wowote wa kupasuka."

Maneno yangu, na saini yangu kubwa! Wale wanaume waliacha kugonga wakanitazama. Mzee Kilonzo alikuwa wa mwisho kugeuka.

"Hiyo barua ni yangu," nikasema. "Na si kweli."

"Sasa ofisi inaweza kuandika uongo?"

"Ofisi haijui kitu. Mimi sikupanda upande huu. Nilichukua mawe ya kule nikanywa chai nikaenda. Jiwe la huku lina uzi, linateremka kuja hapa, na hao watu wako chini yake. Tokeni. Wazee, nawaomba, tokeni sasa."

Nyapara alisema yeye hawezi kusimamisha kazi kwa maneno ya mdomo. Nikamnyang'anya barua, nikaitoa kwenye plastiki, nikaandika nyuma yake juu ya goti langu, kalamu ikichubua karatasi mbichi: Upande wa mashariki una uzi mkali unaoinamia barabarani. Watu watoke. Nikatia saini, ndogo. Bwana Wafula akatia yake, akiwa na kiatu kimoja. Walitoka wote saba, na nikawahesabu mmoja mmoja wakinipita. Mzee Kilonzo alikumbuka ameacha koti lake limetundikwa ndani, akageuka kulifuata. Mama Nashipae alimshika shati kwa nyuma, akamwambia kama anataka koti atamshonea la ngozi ya mbuzi, na hakumwachia.

Jiwe liliteleza kesho yake mchana, mvua ikiwa imenyamaza na jua limetoka. Hakuna aliyeguswa. Lilifunika kabari, mtaimbo mmoja, na lile koti.

Maji yalipopungua nilirudi. Mara hii nilipanda upande wa mashariki, miiba yote. Pale jiwe lilipoachana palikuwa na uso mpana kama ukuta wa kanisa, laini, uking'aa ulanga kutoka juu hadi chini. Niliulaza mkono wangu juu yake. Nilikuwa nalia, na nilikuwa na furaha, na sioni haya kusema vyote viwili. Milima ambayo hakuna jicho lililoiona ilibana graniti ile kwa upande huu ikaiachia njia, na njia hiyo ilikaa humo muda wote huo, wazi kwa yeyote atakayemwaga maji ya chupa na kuchuchumaa.

Mzee Kilonzo alikuja akakaa karibu yangu.

"Mzee, kwa nini hukutuma neno? Hata maneno mawili matatu tu."

"Mwiitu, neno nilikuambia, ukacheka. Jiwe haiwezi chekewa."

Ilibidi nimwambie. "Nililitumia kuzuia mlango."

Mabega yake yakaanza kutikisika, akacheka mpaka akalala chali juu ya mwamba.

"Sasa, ilizuia?"

"Ilizuia vizuri sana."

"Basi ni jiwe nzuri," akasema, akipangusa macho.

Miaka ya elfu mbili mnaijua zaidi yangu. Misumeno ya almasi ilikuja, Kitengela ikafika hadi mlangoni petu, punda milia wakahama. Mzee Kilonzo alirudi kwao Machakos akiwa na koti la ngozi ya mbuzi, maana mama yule alilishona kweli. Ninyi mlikuja mmoja mmoja, na wote mlinung'unika kuhusu sheria yangu kwamba hakuna sampuli inayoingia maabara bila msalaba na mshale. Mlidhani ni ukali wa uzee. Mlinung'unika pia nilipowapandisha kila kilima pande zake zote, hata pale ambapo chai ilikuwa tayari. Na kioo kile nilichosaga wakati wa mvua kiko kwenye kabati, rafu ya pili. Kitazameni siku mkichoka. Mzungushe meza polepole, mwone kivuli kikipita.

Jiwe lenyewe nimeliacha mlangoni, limepungua kona moja. Mkitaka kufagia, linyanyueni, lakini mlirudishe msalaba ukiwa juu na mshale ukielekea dirishani. Herufi zake mbili ziko wazi, hata mtoto angezisoma. Mimi nililiruka karibu miezi miwili, kila siku saa nne, nikienda kunywa chai.